Kushika na Kuachia: Habari za Hewa ya Ukaa

Kama ulilisikiliza somo hili kwenye redio, hapa utalisoma tena kama lilivyosemwa. Kama hukulisikia, usihuzunike. Soma polepole, na mahali penye hesabu shika kalamu, maana hesabu haishikwi na sikio peke yake.

Leo tunasoma historia, lakini si historia ya watemi wala ya vita. Ni historia ya kazi moja: namna wanadamu walivyojifunza kuishika hewa ya ukaa ndani ya maji yenye dawa, kisha kuiachia tena wapendapo. Huenda ukauliza, "Mimi ninayelima vitunguu saumu Mbulu, au ngano Basotu, hayo yananihusu nini?"

Yanakuhusu. Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe na majirani zao wa vijiji kama Mongo wa Mono na Domanga hulipwa fedha kwa kuutunza msitu wao, kwa sababu miti huivuta hewa ya ukaa na kuiweka katika mbao zake. Mradi huo, ulio pamoja na kampuni ya Carbon Tanzania, ulianza mwaka 2011. Nako Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha matope, mawe na miti kutoka mlimani, yakafunika sehemu za Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siku hizo mataifa yalikuwa yamekutana Dubai kuzungumza habari za hali ya hewa ya dunia, na Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa huko, akaikatiza safari yake akarudi nyumbani.

Simwambii mtu kwamba hewa ya ukaa ndiyo iliyoubomoa mlima wa Hanang. Maporomoko huwa na sababu nyingi pamoja. Lakini neno hili ni la hakika: dunia ikipata joto, anga hubeba mvuke mwingi zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila digrii moja, na mvua kubwa huzidi kuwa kubwa. Na hewa ya ukaa ndiyo inayoifunika dunia kama blanketi na kuitia joto. Mwaka 1958, watu walipoanza kuipima daima katika mlima wa Mauna Loa, visiwani Hawaii, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila sehemu 1,000,000 za hewa. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 420.

Basi siku hizi utasikia watu wakisema, "Msiogope, iko mitambo inayoinasa hewa hiyo." Ni kweli, iko. Ila anayeambiwa habari ya mtambo yafaa aujue unavyofanya kazi, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hewa yenyewe

Hewa hii wataalamu huiita kabonidayoksaidi. Sisi wenyewe huitoa kila tunapopumua. Kuni zikiungua huitoa, pombe ikichacha huitoa, gari likienda huitoa. Haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama mabondeni kama maji. Wakazi wa Goma, mashariki ya Kongo, wana neno lao la Kiswahili kwa mahali inapotuama: mazuku. Pale hewa ya ukaa hutoka ardhini kwenye nchi ya volkano na kujaa katika mashimo. Mbuzi akishuka kulala humo haamki. Watu pia wamekufa humo. Uweke moyoni uzito huo, tutauhitaji mbele kidogo.

Chokaa ya Kilwa

Watu wa pwani yetu waliishika na kuiachia hewa hii zamani sana, kabla mtu yeyote duniani hajajua kwamba ipo. Nenda Kilwa Kisiwani ukautazame Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa katika karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kuta zile ni matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Na hiyo chokaa ilipatikanaje? Mafundi walipanga magogo mengi, juu yake wakapanga matumbawe, wakawasha tanuu.

Sasa tazama. Tumbawe ni chokaa iliyoungana na hewa ya ukaa. Moto ukifika digrii 900 hivi, hewa ile hujitenga na jiwe ikapaa pamoja na moshi. Katika kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 44 ni hewa ya ukaa. Ndiyo, karibu nusu ya jiwe ni hewa! Likiisha kuungua, fundi hulimwagia maji, nalo huchemka na kupasuka likawa unga. Huchanganya unga huo na mchanga, akajenga. Na ukuta ukiisha kujengwa, chokaa huanza kuivuta tena hewa ya ukaa kutoka angani, kidogo kidogo, miezi na miaka, mpaka ikawa jiwe kama mwanzo. Ndiyo maana kuta za Kilwa zimesimama: zimeirudisha hewa iliyofukuzwa na tanuu.

Mtu wa kwanza kuieleza siri hii kwa mizani alikuwa daktari wa Uskoti, jina lake Joseph Black, kati ya mwaka 1754 na 1756. Alikuwa akitafuta dawa ya mawe ya kibofu. Alichoma unga mweupe wa magnesia, akaupima, akaona umepungua. Akajiuliza, kilichopotea ni nini? Hakikuwa maji peke yake. Ilikuwa ni hewa, tena si hewa tunayoivuta. Akaipa jina la hewa iliyofungwa. Kisha akaonyesha kwamba ukipuliza pumzi yako katika maji safi ya chokaa, maji yale hugeuka meupe kama maziwa, kwa sababu chokaa imeidaka hewa ile ya ukaa iliyo katika pumzi. Nampenda sana mtaalamu huyu. Alikuwa na mizani nzuri na subira, na kwa hivyo viwili aligundua jambo ambalo wenye vyombo vya dhahabu hawakuligundua.

Lakini chokaa ina kasoro moja. Inashika kwa nguvu mno. Ukitaka iachie, lazima uilete kwenye moto wa digrii 900, na msitu wako utakwisha. Kwa ukuta ni sifa njema. Kwa mtu anayetaka kushika leo, kuachia kesho, na kushika tena keshokutwa kwa dawa ile ile, ni hasara.

Maji matupu

Upande wa pili yako maji. Nayo huishika hewa ya ukaa, lakini kwa mkono mlegevu. Joseph Priestley, Mwingereza aliyekaa jirani na kiwanda cha pombe mjini Leeds, aliiona hewa ile ikielea juu ya mapipa ya pombe inayochacha, akajifunza kuitia katika maji. Mwaka 1772 alichapisha maelezo ya kazi hiyo, na hapo ndipo ilipoanza historia ya soda unayoinywa dukani Katesh. Soda ni maji yaliyolazimishwa kushika hewa ya ukaa kwa mkandamizo. Fungua kizibo, mkandamizo ukapotea, maji yakaachia. Hakuna moto uliohitajika.

Mfano mkubwa wa jambo hili hauko kiwandani. Uko katika ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo. Chini ya ziwa hilo, kwa uzito wa maji yaliyo juu, kumefungwa hewa ya ukaa kiasi cha kilomita za ujazo 300 hivi, pamoja na kilomita za ujazo 60 hivi za mitheni, gesi inayowaka. Wahandisi wa mtambo wa KivuWatt, karibu na Kibuye, hushusha bomba zaidi ya meta 300. Maji yanayopanda katika bomba hupungukiwa na mkandamizo, yakatoa povu la gesi zote mbili zikiwa zimechanganyika. Sasa watazitenganishaje? Kwa maji! Gesi huoshwa kwa maji, nayo hewa ya ukaa huyeyuka humo kwa wepesi kuliko mitheni, mitheni ikabaki juu karibu safi. Maji yaliyoibeba hewa ya ukaa hurudishwa chini ziwani, na mitheni hupelekwa kuendesha mitambo ya umeme wa megawati 26. Mtambo ulizinduliwa mwaka 2016. Tangu miaka ya 1960, gesi ya ziwa hilo ilikwisha kutumika katika kiwanda cha bia cha Gisenyi.

Ila mkono mlegevu una hatari yake. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos nchini Kameruni, lililokuwa limeshika hewa ya ukaa chini kwa miaka mingi, liliiachia kwa ghafula. Hewa ile, nzito kama nilivyokuambia, iliteremka mabondeni kimya kimya na kuingia vijijini. Watu zaidi ya 1,700 walikufa usiku mmoja, na ng'ombe zao pia. Baadaye wahandisi walitia mabomba katika ziwa lile ili hewa itoke kidogo kidogo, kama chupa inavyofunguliwa taratibu isimwagike. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Tumeishika," bado kuna swali la pili: mmeiweka wapi, na nani anailinda?

Magadi yetu

Tuna chokaa inayoshika mno, na maji yasiyoshika vya kutosha. Kati ya hivyo viwili kuna kitu cha katikati, nawe unacho jikoni.

Toka upande wa Hanang, tazama chini ya mlima. Utaliona ziwa Balangida, jeupe wakati wa kiangazi, ambako Wabarabaig tangu zamani huchukua chumvi kwa ajili ya ng'ombe wao. Kuna Eyasi upande wa Yaeda, Manyara mashariki, na mbali zaidi Natron, na Magadi kule Kenya. Maziwa haya ya Bonde la Ufa hayana mto unaotoka. Maji huingia na chumvi zilizoyeyuka kutoka miamba ya volkano, jua huyakausha, chumvi hubaki. Katika mengi ya maziwa hayo chumvi hizo zimechanganyika na magadi, na magadi ni sodiamu iliyoishika hewa ya ukaa. Kwa hiyo bonde letu ni ghala la hewa ya ukaa lililojaa zamani za kale, wala halikumwomba mtu ruhusa.

Magadi humlainishia mama makande na maharage, na mzee huyatia katika ugoro. Lakini yana tabia nyingine isiyoonekana sufuriani. Yakiyeyuka majini huweza kushika hewa ya ukaa zaidi ya ile yaliyokuwa nayo, yakageuka kuwa kitu kile kile kilicho katika soda ya kuumulia maandazi. Ukiyapa joto, huiachia ile ya ziada na kurudi hali ya kwanza. Ndiyo sababu andazi huvimba: joto la mafuta limeilazimisha soda kuachia hewa yake ndani ya unga. Magadi ya ziwani, yakitoka majini, yamekwisha kushika sehemu ya hiyo ziada. Kampuni ya Magadi, iliyoanzishwa Kenya mwaka 1911, huyachimba ziwani na kuyachoma katika tanuu ili kupata magadi makavu ya kutengenezea vioo. Tanuu lile hufukuza mvuke na hewa ya ukaa, vyote vikaenda angani.

Tena kuna magadi ya majivu. Bibi zetu walichoma maganda ya maharage au ya ndizi, wakaweka majivu katika chombo chenye matundu, wakamimina maji juu, yakachuruzika chini yakiwa na rangi ya chai. Maji hayo yana potashi, ndugu yake magadi, na tabia yao ni moja. Usiwacheke wazee. Maji ya namna hiyo hiyo ndiyo yaliyotumiwa na viwanda vya Ulaya na Marekani vilivyotaka hewa ya ukaa safi kwa vinywaji na kwa barafu kavu. Walichoma makaa ya mawe, wakapitisha moshi katika maji ya magadi au ya potashi, maji yakashika. Wakayachemsha, yakaachia. Wakayapoza, wakayatumia tena. Dawa ni ile ile, inazunguka.

Kasoro yake ni uvivu. Maji ya magadi yakiwa baridi hushika polepole, hivyo minara ikawa mirefu na gharama ikapanda.

Dawa ya mwaka 1930

Hapo ndipo anapoingia Robert Bottoms, mtaalamu wa kemia wa kampuni ya Girdler, mji wa Louisville, Marekani. Mwaka 1930 alipewa hataza ya dawa mpya ya kusafishia gesi. Dawa hiyo ni ya jamii inayoitwa amini. Jina lisikuchanganye, halihusiani na kumwamini mtu. Amini ni watoto wa amonia, na amonia unaijua: ni ile harufu kali inayokuchoma pua ukiingia zizini asubuhi, mahali ng'ombe walipokojoa. Ukichukua amonia na kuibadilisha kidogo ili isiruke hewani ovyo, unapata maji yanayopenda sana hewa ya ukaa, lakini si kwa mapenzi ya kufa na kuzikana.

Mtambo wenyewe ni minara miwili. Katika mnara wa kwanza, dawa iliyochanganywa na maji hunyunyizwa kutoka juu kama mvua, na moshi huingizwa kutoka chini. Vikikutana, dawa huidaka hewa ya ukaa. Hewa nyingine hutokea juu. Hapo joto ni digrii 40 au 50 tu. Dawa iliyoshiba husukumwa mpaka mnara wa pili, unaopashwa kwa mvuke hata kufika digrii 120 hivi. Humo dawa huiachia hewa ya ukaa, ikatoka safi juu ya mnara, ikakusanywa. Dawa iliyobaki na njaa hurudi mnara wa kwanza. Bomba la dawa ya moto inayorudi hupitishwa karibu na bomba la dawa ya baridi inayokwenda, ili moja limpe mwenzake joto. Mchoro wa mitambo mingi ya siku hizi bado ni huo huo, na maji yake mara nyingi huwa na dawa sehemu 30 katika 100.

Kazi ya kwanza ya mitambo hiyo haikuwa kuiponya dunia. Ilikuwa kusafisha gesi ya ardhini, ambayo mara nyingi hutoka imechanganyika na hewa ya ukaa na gesi yenye harufu ya yai bovu. Baadaye nyambizi za nguvu za atomiki zikatumia dawa hiyo kusafisha pumzi za mabaharia wanaokaa chini ya bahari majuma mengi. Hewa iliyonaswa ilitupwa tu.

Wengine hawakuiacha potashi. Katika miaka ya 1950, Benson na Field, wa Idara ya Madini ya Marekani, walijaribu jambo lililoonekana la kinyume: waliyatumia maji ya potashi yakiwa ya moto tangu mwanzo, chini ya mkandamizo, kisha wakaupunguza mkandamizo ili yaachie. Hivyo hawakuhitaji kuyapoza na kuyapasha kila mara. Uvivu ukapungua, kuni zikapungua. Viwanda vya mbolea vikaipokea njia hii kwa mikono miwili.

Na hapa, ndugu mkulima, hewa iliyonaswa inafika shambani kwako. Mbolea ya urea hutengenezwa kwa kuunganisha amonia na hewa ya ukaa, na hewa hiyo hunaswa pale pale kiwandani kwa dawa za namna hizi. Kutengeneza mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 hutumia hewa ya ukaa kiasi cha kilo 36 na zaidi. Ukiitia urea kwenye mahindi, udongo huivunja; amonia hubaki kulisha mmea, na hewa ya ukaa hurudi angani. Imeshikwa, imesafiri kwa meli na lori, imeachiwa Mbulu.

Hesabu ya kuni

Wazo la kuizika hewa hii lilipata nguvu kwa kodi. Mwaka 1991 serikali ya Norwe iliweka kodi juu ya hewa ya ukaa. Kampuni ya Statoil ilikuwa na gesi katika kisima cha Sleipner, baharini, yenye hewa ya ukaa nyingi kuliko wanunuzi walivyotaka. Ilikuwa lazima waitoe kwa amini hata hivyo. Kuitupa angani ni kulipa kodi; basi tangu mwaka 1996 wakaisukuma katika mchanga wenye maji ya chumvi chini ya sakafu ya bahari, karibu tani 1,000,000 kwa mwaka katika miaka mingi. Kwa maoni yangu kodi ile ilifundisha upesi kuliko mahubiri mengi.

Mwaka 2014 kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Boundary Dam, nchini Kanada, kikawa cha kwanza cha namna yake kunasa moshi wake kwa amini kwa kipimo kikubwa. Kiliahidi tani 1,000,000 kwa mwaka, lakini miaka mingi hakikufikia. Moshi wa makaa ya mawe una vumbi na oksijeni, navyo huiharibu dawa. Na sehemu kubwa ya hewa iliyonaswa iliuzwa kwa wachimba mafuta, wakaisukuma ardhini ili mafuta zaidi yapande juu, yakachomwe. Mtu hufuta kwa mkono wa kulia na kuchora kwa wa kushoto.

Sasa shika kalamu. Kushika ni rahisi. Dawa hushika yenyewe bila kuambiwa. Gharama iko katika kuachia, maana hapo ndipo penye moto. Kwa dawa ya amini ya kawaida, kuachia tani moja ya hewa ya ukaa kwahitaji joto linalolingana na kuni kavu kilo 250 hivi, tena katika jiko lisilopoteza joto hata kidogo. Kuni kilo 250 zikiungua hutoa hewa ya ukaa zaidi ya kilo 350. Kwa hiyo ukishika kilo 1,000 kwa moto wa kuni, kilo zaidi ya 350 zimetoroka mlango wa nyuma, isipokuwa uunase na moshi huo pia. Kituo cha umeme kinachonasa moshi wake hupoteza sehemu moja ya tano au robo ya nguvu zake kwa kazi hiyo peke yake. Ndiyo maana wataalamu wanaendelea kutafuta dawa inayoshika vya kutosha na kuachia kwa joto dogo.

Afrika ya Mashariki haijahitaji minara mingi ya namna hii, kwa sababu ardhi yetu hutoa hewa ya ukaa yenyewe. Kampuni ya Carbacid huitoa ardhini katika msitu wa Kereita, Kenya, na kampuni ya TOL huitoa wilayani Rungwe, mkoa wa Mbeya, ikauzwa kwa viwanda vya vinywaji. Soda nyingi tunazokunywa, basi, zina pumzi ya volkano. Ila jambo jipya limeanza. Kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2022, inajaribu katika Bonde la Ufa kuinasa hewa ya ukaa moja kwa moja kutoka angani. Hao hawatumii maji ya dawa bali kichujio kikavu, lakini sheria ni ile ile: kichujio kikishiba lazima kipashwe moto kiachie. Wao wamekwenda bondeni kwa sababu joto la chini ya ardhi lipo, lile lile linaloendesha umeme wa Olkaria tangu mwaka 1981. Moto huo hauhitaji kuni. Kazi yao bado ni ndogo, na angani sehemu 420 katika 1,000,000 ni chache mno kuzikamata kwa urahisi. Ni kama kumtafuta ng'ombe wako mmoja katika mnada mzima wa Katesh.

Mti wa Yaeda hauhitaji moto wala bomba. Hushika kwa jua. Lakini nao huachia siku unapokatwa ukachomwa, na hapo mtu aliyelipia huwa amelipia moshi. Mtambo nao huweza kuzika tani nyingi mahali padogo, mradi pawe na joto la bei nafuu na mwamba usiovuja. Wanaokuja kijijini na karatasi za mikataba ya ukaa waulizeni maswali matatu: hewa inashikwa na nini, inawekwa wapi kwa miaka mingapi, na ikiachiwa nani hulipa? Yaandikeni majibu yao katika daftari, na mweka muhtasari ayasome mbele ya mkutano kabla ya mtu kutia sahihi.

Jaribio la darasani

Chukueni chokaa ya kupakia nyumba, kijiko kimoja, mtie katika chupa ya maji safi. Tikiseni, mwache usiku kucha. Asubuhi mimineni polepole maji yaliyo juu, yasiyo na vumbi, katika glasi. Mtu mmoja apulize ndani kwa mrija. Apulize tu, asinyonye, maana chokaa huchoma kinywa, na maji yakimrukia machoni anawe upesi kwa maji mengi. Tazameni maji yanavyogeuka meupe. Hiyo ni pumzi yake, imeshikwa. Kisha aendelee kupuliza kwa muda mrefu bila kuacha. Maji yataanza kuwa maangavu tena. Andikeni mistari mitano kueleza mnavyodhani weupe ule umekwenda wapi, halafu yachemsheni maji hayo katika sufuria mwone kama utarudi.